Njaa Haitoki Tumboni Pekee

 

Juzi mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wa miezi 5, akiona kizunguzungu. Tangu jana yake alikuwa amekunywa chai ya rangi tu. Wifi yake alimcheka kwamba amenenepa tangu ajifungue, basi akaamua kujinyima chakula. Mwanzoni alipungua. Baadaye akawa anaamka usiku kufunua sufuria, halafu analia kwa aibu. Akaniambia, "Sista, mimi sina msimamo."

Mama, hilo si suala la msimamo. Chini ya ubongo, katikati, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hiyo ndiyo hupima akiba ya mwili. Mafuta hutoa homoni ya leptini, kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Tumbo tupu nalo hutoa ghrelini, inayoita chakula. Ukijinyima ghafla, leptini hushuka upesi. Ubongo haujui habari ya wifi wala nguo iliyokubana. Unachojua ni kwamba njaa imeingia nyumbani. Basi huzidisha hamu ya kula na kupunguza nguvu ambayo mwili hutumia. Ndiyo maana unachoka, unasikia baridi, na uzito unagoma kushuka.

Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walieleza habari za msichana wa miaka 9 aliyekuwa na zaidi ya kilo 90. Hakuwa mlafi. Mwili wake haukuweza kutengeneza leptini tangu kuzaliwa. Alipodungwa leptini kwa mwaka mmoja, alipungua kilo 16 hivi. Ugonjwa huo ni nadra sana, na sindano hiyo haitusaidii sisi wengine, kwani wanene wengi wana leptini tele, ila ubongo hauisikii vizuri.

Kwa hivyo anayenyonyesha asiruke mlo. Punguza ugali kidogo, ongeza sukuma wiki na maharagwe. Sukari ya chai na soda ndizo za kukatwa kwanza (najua chai ni ngumu, hata kwangu). Tembea. Kilo zishuke polepole, ubongo usishtuke.

Na ikiwa mtoto wako hashibi kamwe na uzito wake unapanda haraka, usimchape wala kumwita mlafi. Mlete kliniki na kadi yake tumpime.

Kwaherini.