Mkono Utetemekao na Nafsi Isiyotosheka



Wamo katika jamaa zetu wazee ambao mkono huwatetemeka hali wameketi kimya, hatua zao zimekuwa fupi na sauti imefifia. Huku kwetu Kirushya, toka Ngara hadi Biharamulo, mzee wa namna hiyo asiposemwa kuwa amelewa pombe ya ndizi, husemwa kuwa amerogwa. Wamo pia vijana walioshikwa na gongo au heroini, nao husemwa kuwa hawana haya. Leo twapenda kuwaeleza kwamba watu hawa wawili wameguswa mahali pamoja.

Ndani kabisa ya ubongo zimo seli chache zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Kutoka hapo huanza njia mbili zilizo jirani. Ya kwanza huenda kwenye sehemu zianzishazo na kulainisha mwendo wa viungo. Ya pili huenda kwenye sehemu za hamu, zimfanyazo mtu akikumbuke kilichompendeza na kukitafuta tena. Katika maradhi aliyoyaeleza tabibu James Parkinson wa London mwaka 1817, seli za njia ya kwanza hufa polepole. Dalili zionekanapo, sehemu kubwa imekwisha kupotea. Ama kwa mraibu, njia ya pili hufurikishwa. Ubongo nao hujikinga kwa kupunguza usikivu wake, basi kijana hutaka zaidi na zaidi ilhali raha yenyewe imemwondoka. Hatusemi kwamba hana dhima. Lakini karipio peke yake halijamponya mtu.

Mwaka 1982, huko California, Marekani, vijana kadhaa walijidunga dawa iliyotengenezwa kwa siri badala ya heroini. Ndani yake mlikuwa na sumu iliyoziua seli za njia ya kwanza, nao kwa muda mfupi wakaganda viungo kama wazee wenye Parkinson wa miaka mingi.

Hapa nchini, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa wa Parkinson zaidi ya 30, na wengi wao hawakuwa wamepata kutambuliwa na daktari yeyote. Walikuwa wakiishi hivyo tu, majumbani mwao! Na dawa ipo: levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Haiondoi maradhi, bali huwarudishia wengi mwendo. Kwa waraibu wa heroini, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Dar es Salaam ni mbali, twajua. Hospitali ya wilaya ndiyo mlango wa kuanzia.

Liko jambo ambalo jamaa za mgonjwa hawaambiwi mara nyingi. Dawa za Parkinson, hasa zile ziigazo kazi ya dopamini, huweza kuiamsha njia ya pili. Mzee mcha Mungu, ambaye hakupata kugusa kamari maishani, huweza kuanza kucheza kwa siri na kuuza mbuzi mmoja mmoja. Mkiyaona hayo msimfedheheshe, wala msimnyang'anye vidonge, kwani kuviacha ghafla kuna hatari. Mrudisheni kwa daktari aliyemwandikia, mwelezeni wazi mliyoyaona, ili dawa ipunguzwe au ibadilishwe.