HOTUBA YA KATIBU KWA WANAUSHIRIKA: MAOMBI YA BINTI YETU KUSOMEA UTAFITI WA MIMEA



Maneno haya tuliyasoma mkutanoni, na tunayabandika hapa ubaoni kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani siku ile. Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Na sisi tulianza hivyo hivyo, kwa kusomewa, kabla ya kuingia kisomo cha jioni.

Jambo lenyewe ni nusu eka na barua moja. Binti yetu, huyu anayetupimia mazao ghalani, alimaliza shahada ya kwanza ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sasa anataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili, apate kufanya utafiti wa mimea. Anaomba ushirika umpe nusu eka kwa misimu miwili, na barua ya kuonyesha kuwa tumekubali. Mkutano uliopita maneno yalikuwa mengi. Mzee wetu mmoja aliuliza, "Mtoto huyu atasoma mpaka lini?" Mwingine akasema eti tunataka kumlimia mtu cheti. Basi tumeona tueleze taratibu, ili siku ya kupiga kura kila mmoja anyooshe mkono akijua anachokifanya.

Katika shahada ya kwanza mwalimu analijua jibu, na mwanafunzi anapimwa kama naye amelijua. Katika utafiti, hata mwalimu hajui jibu. Ndiyo maana maombi yake si kujaza fomu tu. Vyeti vinatakiwa, na orodha ya alama zote, na walimu wake wa zamani waandike kuwa wanamfahamu. Hayo anayo. Kupeleka maombi siku hizi ni kwa mtandao, anaweza kufanya akiwa Mpanda mjini bila kupanda treni. Chuo cha Sokoine kina kampasi hata mkoani kwetu, ile ya Mizengo Pinda kule Mpimbwe, lakini makao makuu ni Morogoro. Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na chuo chenyewe. Akitokea mtu kusema yeye anapitisha majina kwa kitu kidogo, huyo ni tapeli, mleteni ofisini kwetu.

Kazi kubwa iko kwingine. Mwombaji anatakiwa aandike kurasa chache kueleza ni swali gani anataka kulijibu, atalijibu kwa njia gani na mahali gani. Na apatikane mwalimu wa chuo anayelifahamu jambo hilo, akubali kumsimamia. Bila msimamizi, hata mwenye alama nzuri anaweza kukaa akisubiri.

Binti yetu alimwandikia mwalimu mmoja kwamba anataka kutafiti kiduha katika Tanzania. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba hilo ni la watu ishirini na maisha yao yote. Alete swali dogo. Hapo ndipo alipoanza kupita kwenu na daftari, mkadhani anaandikisha kodi!

Kiduha mnakijua, yale majani yenye maua mekundu yanayosimama chini ya mahindi yaliyodumaa. Wengi tunasema ni uchovu wa ardhi, na wengine tumesikia wakitaja mkono wa mtu. Kiduha ni mmea mnyonyaji. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu. Mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Haziamki mpaka zinuse dawa inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama, uwele au mpunga. Zikiamka hujishika kwenye mzizi na kunyonya. Kwa hiyo siku unayokiona kiduha juu ya ardhi, hasara imeshaingia chini zamani. Palizi peke yake huja kwa kuchelewa.

Lakini kuna jambo la ajabu. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani waliitoa dawa hiyo ya kuamsha kiduha katika mizizi ya pamba. Na pamba hailiwi na kiduha! Maana yake mbegu ya kiduha huamshwa na pamba, hutafuta mzizi wa kushika, haiwezi, nayo hufa. Karanga na soya nazo zinaweza kufanya hivyo. Mtauliza, kama limeshajulikana, anatafiti nini tena? Linajulikana kwa jumla. Aina moja ya karanga huamsha kiduha sana, nyingine kidogo, na kiduha cha mahali hapa si lazima kifanane na cha kule. Kwa udongo wetu huu wa miombo, na mbegu hizi tunazopanda sisi, hakuna aliyetuletea hesabu. Swali lake sasa ni hili: tukipanda pamba au karanga msimu mmoja, mahindi ya msimu unaofuata yatapata kiduha pungufu kwa kiasi gani? Swali hilo msimamizi amelikubali. Mkumbuke limetoka kwa wale akina mama wawili waliomwambia kuwa palipokuwa na karanga mahindi yalisimama vizuri kidogo.

Sasa yule anayesema utafiti ni cheti tu, tunamweleza habari za Ndugu Gebisa Ejeta wa Ethiopia. Huyu alizaliwa mwaka 1950 katika nyumba ya nyasi ya chumba kimoja, na mama yake alisimama imara asome. Alitembea kilometa 20 kwenda shuleni Jumapili na kurudi Ijumaa. Mwaka 1973 alikutana na profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aitwaye John Axtell, aliyemkaribisha kusoma chini yake. Mnaona, msimamizi kwanza. Mwaka 1978 akapata uzamivu katika mambo ya mtama. Baadaye yeye na wenzake walitafuta mtama ambao mizizi yake hutoa kidogo tu ile dawa ya kuamsha kiduha. Mbegu mbili za kazi hiyo zilipitishwa hapa Tanzania mwaka 2002, zikaitwa Hakika na Wahi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Turudi kwenye nusu eka. Binti anataka lile shamba la ushirika nyuma ya ghala, ambalo lina kiduha tayari na mavuno yake mnayajua. Litagawanywa vipande 12: vinne pamba, vinne karanga, vinne mahindi; msimu wa pili vyote mahindi. Mmoja aliuliza kwa nini asipande kipande kimoja kimoja akamaliza. Hebu fikirini: pamba ikiangukia penye kichuguu na karanga penye changarawe, utajuaje kilichosaidia ni zao au ni udongo? Ndiyo sababu ya kurudia na kupiga kura ya mahali.

Wenye mashamba jirani wana hofu ya haki kabisa. Vipande vya mahindi vitaachwa kiduha kitokee ili kihesabiwe, na mbegu zinaweza kuwafuata. Tumekubaliana na binti hivi: kikishahesabiwa kitang'olewa kabla maua hayajafunga mbegu, na kuchomwa hapo hapo. Majembe ya shamba hilo yataoshwa na hayataazimwa. Mifugo isiingie. Akishindwa kutimiza hayo, kamati itafyeka shamba, hata kama hesabu haijakamilika. Hilo ameliandika kwa mkono wake.

Tena kuna la kuondoka. Kweli, akipata shahada anaweza kuajiriwa Morogoro au Tabora asirudi kupima mazao. Hatuwezi kumfunga kamba. Tulichomtaka ni kwamba hesabu za kila msimu azilete kwa Kiswahili, zibandikwe ubaoni hapa, ziwe mbaya au nzuri, kabla hajazipeleka kuzifunga kwenye kitabu cha chuo. Pia mahindi ya vipande vyote ni ya ushirika.

Chuo kinaweza kumkataa mwaka huu. Ikiwa hivyo, nusu eka inarudi, isipokuwa mkutano uamue vinginevyo. Sisi tunaona karanga zipandwe hata hivyo.

Barua iko kwa karani wa ghala. Anayetaka kuisoma, au kusomewa, aende asubuhi kabla ya mizani kufunguliwa. Kura ni mkutano ujao, na majirani watatu wa shamba lile wahudhurie wenyewe, wasitume watoto.



Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji