Masharti ya Mali, Masharti ya Madaraka: Mwalimu Nyerere na Uhuru wa Raia



Nimeombwa nizungumzie fikra za Mwalimu Julius Nyerere kuhusu uhuru na utawala bora. Umoja na kujitegemea vimekwisha kusemwa sana, kwa hiyo nitakaa kwenye swali moja: katika fikra za Mwalimu, nani alikuwa na uwezo wa kumzuia kiongozi, na kwa nyenzo gani?

Kwenye mali, Mwalimu alifunga kila mlango. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali, hadi watumishi wa ngazi za kati, kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha. Wala mume hakuweza kuandikisha mali kwa jina la mkewe akasalimika, maana masharti yaliwahusu wote wawili. Huyu ni mtu aliyeijua tamaa ya binadamu, akakataa kuikabili kwa mawaidha peke yake.

Kwenye madaraka aliamini dhamiri. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila mashtaka, na mahakama ikanyimwa nafasi ya kuihoji amri yake. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa kuandaa mfumo wa chama kimoja nayo ilipendekeza haki za raia zisiingizwe kwenye katiba kama vifungu vya kudaiwa mahakamani. Hoja ilikuwa kwamba taifa changa lina haraka ya maendeleo, na majaji wasiwe kikwazo. Naielewa hoja hiyo, maana nchi ilikuwa imetoka kutikiswa na maasi ya jeshi ya Januari 1964. Hata hivyo siikubali: hofu ya miezi ile iligeuzwa kuwa utaratibu wa miaka mingi.

Badala ya vifungu hivyo ilizaliwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya. Tunapaswa kuipa heshima yake. Ilikuwa miongoni mwa vyombo vya mwanzo kabisa vya aina hiyo barani Afrika, ikasafiri mikoani, na mkulima asiye na wakili wala ada ya mahakama aliweza kumshtakia ofisa aliyemwonea. Lakini taarifa zake zilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua zifanyiwe nini. Rais mwenyewe hakuweza kuchunguzwa nayo.

Mwalimu hakuwa mtawala wa mabavu asiyejali kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wenye alama za jembe na nyumba, Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa jimboni, na matokeo yakaheshimiwa. Mwalimu alikiri hata hadharani kwamba katiba ilimpa mamlaka ya kutosha kuwa dikteta. Kwake, kinga ilikuwa maadili ya taifa na ya anayeliongoza.

Kinga hiyo ilifika wapi? Mwaka 1976 watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga katika msako wa wauaji waliteswa, na baadhi yao wakafia mahabusu. Mapema mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa hakuwagusa yeye. Ule ulikuwa uungwana wa hali ya juu, na ni tunda la malezi ya Mwalimu. Ulikuja watu wakiwa wameshazikwa. Katika katiba ya wakati ule, aliyekuwa akiteswa hakuwa na ibara ya haki za raia ya kuishika angali hai.

Ibara hizo ziliingia kwenye katiba mwaka 1984, Mwalimu akiwa bado Rais, ila mahakama zikaambiwa zisubiri hadi Machi 1988. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa baadaye kuutazama upya mfumo wa chama kimoja, ilipotaja sheria 40 kandamizi, ile ya kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwamo.

Leo tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi ya ile ya Chifu Mang'enya, na makamishna wake huteuliwa na Rais. Naomba vikundi vya mchana vianzie hapo: uteuzi huo ubaki kwake, au uhamie wapi?