Tujifunze Hesabu ya Njia



Sisi wa reli tunajua kuendesha injini na kutengeneza njia, lakini ratiba hupangwa ofisini. Treni ikichelewa, lawama ni yetu. Kwa hiyo na tudai mafunzo ya kupanga safari.

Msingi wake si mgumu. Penye njia moja, treni hupishana stesheni tu. Tuseme kati ya stesheni mbili, kwenda ni dakika 20, kurudi 20, na kungoja ruhusa ya njia dakika 5 kila upande: jumla 50. Siku ina dakika 1,440. Basi hapo hazipiti zaidi ya treni 28 za kwenda na 28 za kurudi, hata kabla ya kuwapa watengenezaji njia saa zao. Kipande kinachokawia kuliko vyote ndicho kinachotawala njia nzima. Kuongeza injini si dawa. Dawa ni stesheni ya kupishania katikati.

Chuo cha reli kipo Nairobi tangu 1956. Tuombe nafasi humo. Mwenzetu ajuaye hesabu hii, akikaa mezani na wakubwa, ataonyesha kwa tarakimu pale ratiba inapomnyima dreva usingizi.