Si Saratani, Lakini Uliza Ni Nini

Umepata uvimbe kwenye titi, umechomwa sindano, kinyama kimepelekwa maabara, na daktari anakwambia si saratani. Shukuru, ila usiinuke kitini kabla hujauliza: sasa ni nini?

Uvimbe mwingi, kama ule wa faibroadenoma unaowapata sana wasichana, hauna makuu. Lakini karatasi ikitaja haipaplasia ya atipia, yaani seli zimezidi na zimeanza kubadilika umbo, hapo hatari ya saratani baadaye hupanda kama mara 4. Tena kwa matiti yote mawili, si lile lililochomwa tu. Mara nyingi daktari huondoa sehemu ile kwa upasuaji mdogo, maana sindano huchota kidogo na saratani changa huweza kujificha jirani. Kisha mamogramu, yaani eksirei ya matiti, kila mwaka.

Ipo na dawa, tamoksifeni. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha inapunguza sana hatari hiyo. Mwaka 2019 Waitalia wakaona hata miligramu 5 kwa siku, badala ya 20, zinasaidia. Ina maudhi yake: joto la ghafla, na mara chache damu kuganda. Mjamzito asiitumie.

Na karatasi ya majibu, mama, usiifungie maandazi. Daktari ajaye ataitaka.