Tiba ya Kikundi kwa Wenye Hofu ya Watu

Leo tunazungumzia hofu ya kuwa mbele za watu. Hii si haya ya kawaida. Mwenye hofu hii moyo humwenda mbio akitakiwa kujitambulisha kikaoni, hutokwa jasho, hukwepa harusi na hata huacha kazi anayoiweza, kwa kuwa ana hakika watu watamcheka.

Je, anatibiwaje? Miaka ya 1980 huko Marekani, mwanasaikolojia Richard Heimberg aliandaa tiba ya kikundi. Watu kama sita hukutana na wataalamu wawili mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Kila kikao huchukua takribani saa mbili na nusu.

Hawakai kusimuliana shida tu. Kila mmoja hutaja anachokiogopa, tuseme kuzungumza na bosi. Hutamka wazo linalomtisha: "Nitababaika, nitaonekana mjinga." Kisha tukio huigizwa palepale, mwenzake akiwa bosi. Baadaye wenzake humweleza walichokiona, na mara nyingi ule mtetemeko aliodhani umeonekana na wote, wengi hawakuugundua. Kabla ya kuondoka hupewa zoezi la kufanya mtaani.

Tiba hii haimfai kila mtu. Nchini Uingereza, mwongozo wa matibabu wa mwaka 2013 unatanguliza tiba ya mgonjwa peke yake na mtaalamu. Wengine husaidiwa na dawa. Ukiziona dalili hizi kwako, mwone daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa saikolojia. Usijitibu kwa pombe: huituliza hofu saa chache, kisha hofu hurudi.