Walezi wa Ndovu Yatima

Wageni wafikao katika kituo cha ndovu yatima, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, saa tano ya asubuhi, huwaona walezi waliovaa makoti ya kijani wakiwanywesha watoto wa ndovu maziwa kwa chupa, na mmoja wao akieleza jina la kila mtoto na mahali alipookolewa. Saa sita wageni huenda zao. Wengi hudhani kazi ndiyo hiyo.

La hasha! Watoto hao hunyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mlezi hulala bandani pamoja na mtoto. Lakini walezi hupokezana, asilale mmoja na mtoto yule yule kila usiku. Sababu yake ni ya huzuni. Katika miaka ya 1970 Bibi Daphne Sheldrick alimlea peke yake mtoto wa ndovu aitwaye Aisha. Bibi huyo alipokwenda arusini kwa binti yake, Aisha alikataa maziwa, akadhoofika, akafa. Basi kazi hii yamtaka mtu apendwaye na mnyama, wala asipendwe yeye tu. Kwa maana watoto hao wakipata nguvu hupelekwa Tsavo wakazoee maisha ya porini.